WATOTO WA WAKUBWA NA CHAKULA CHA WATOTO WETU SKULINI

Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama kisiwani Amu. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wenzetu wa Faza, Kizingitini, Mokowe na kwengineko ambao hawakuweza kuhudhuria.



Sitasema mengi, maana wakati wa sala wakaribia na mashua ya wenzetu wa Matondoni haimngojei mtu. Nitasema juu ya jambo moja, nalo ni lile pendekezo lililoletwa na vijana wetu katika mkutano uliopita, kwamba chama kichapishe mabango, tuyabandike tangu gatini mpaka Mkunguni, na juu yake iandikwe kuwa watoto wa mheshimiwa fulani hula chakula kizuri skulini kwao huko Mombasa, na huku watoto wetu hukaa na njaa mpaka saa tisa. Tena palikuwa na waliosema tutie na picha ya watoto hao, kwa kuwa picha zao zapatikana kwa urahisi katika simu.

Kwanza niseme wazi kwamba njaa yenyewe si ya kubishaniwa. Mjini Amu mtoto aweza kukimbia nyumbani saa saba akapata kitu, ikiwa kipo. Lakini mtoto wa kijijini ambaye skuli yake i mbali, akitoka alfajiri amekwisha toka. Na njaa ya visiwa hivi yafuata pepo. Wakati wa kaskazi bahari imetulia, samaki wapatikana, na mtoto hapewi chini ya kipande cha mkate asubuhi. Kusi likiingia, mwezi wa Aprili na Mei, vyombo vidogo havitoki nje ya mwamba, na nyumba ya mvuvi yaanza kuhesabu vikombe vya unga. Muhula wa pili wa skuli ni huo huo wa kusi, mpaka Agosti. Walimu walio wanachama wetu wajua sana kwamba mtoto anayelala juu ya dawati saa tano mchana hana uvivu wowote.

Wala chakula cha skuli si jambo geni katika nchi hii. Serikali na Shirika la Chakula Duniani walianza kuwalisha wanafunzi wa sehemu kavu mwaka 1980. Mwaka 2009 serikali ikaanzisha mpango wake yenyewe, wa kupeleka fedha skulini ili chakula kinunuliwe kwa wakulima wa karibu, na mwaka 2018 shirika lile likakabidhi serikali skuli za mwisho lililokuwa likizilisha. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yasema kila mtoto ana haki ya lishe ya kimsingi. Kwa hivyo tunachodai ni haki iliyoandikwa. Hatuombi sadaka, na juu ya hilo mimi na vijana wetu tu kitu kimoja.

Tunapoachana ni kwenye bango.

Bango kama hili limekwisha kufanywa na watu wenye fedha na ujuzi kutushinda, na yafaa tujue lilikwendaje. Mwezi wa Agosti mwaka 2009, katika stesheni kuu ya reli ya Washington, karibu na Bunge la Marekani, palibandikwa mabango na chama kimoja cha madaktari ambao hupigania watu wale mboga na nafaka badala ya nyama. Picha yake ilikuwa ya msichana wa miaka 8 kutoka Miami, na maneno yake yalikuwa ya kuuliza: mabinti wa Rais Obama hupata chakula cha afya skulini kwao, mbona mimi sipati? Wakati huo Bunge lilikuwa likikaribia kuitazama upya sheria ya lishe ya watoto. Marekani ina sheria ya chakula cha mchana skulini tangu mwaka 1946, wakati wa Rais Truman, na chakula hicho hufikia mamilioni ya watoto kila siku. Madaktari wale walitaka skuli zipewe njia ya kupika mboga zaidi.

Nyote mwakumbuka jinsi nchi hii ilivyofurahi Obama aliposhinda. Tulipewa hata siku ya mapumziko, tarehe 6 Novemba 2008, na hamali ambaye hakubeba kitu siku ile hakupata kitu, lakini alifurahi vile vile. Babu yake Obama, mzee Onyango, alikuwa mpishi wa Wazungu. Basi mjukuu wa mpishi ameingia Ikulu ya dunia nzima, na jambo la mwanzo wanalomwandama nalo watu ni sahani za wanawe.

Mabinti wale walikuwa na miaka 11 na 8. Wanasheria wa Ikulu waliwapigia simu wenye mabango wakataka yaondolewe, kwa hoja kwamba watoto wasitumiwe. Wenye mabango wakakataa, wakasema hawakutia picha ya mabinti wala majina yao. Na kweli hawakutia. Lakini ukisema mabinti wa Rais fulani, na mabinti wenyewe ni wawili tu, jina la nini tena?

Sasa tazameni kilichofuata. Habari iliyoenea ilikuwa ya ugomvi baina ya chama na Ikulu. Watu wakagawanyika: hawa wasema watoto waachwe, hawa wasema uhuru wa kusema. Waliouliza sufuria ya skuli ya Miami ina nini ndani yake walikuwa wachache. Siwezi kusema bango halikufaa kitu, maana chama kile kilijulikana, na hata sisi huku Amu twalizungumza leo. Lakini bango kujulikana na mtoto kushiba ni mambo mawili. Sheria mpya ya lishe ilitiwa sahihi mwezi wa Disemba mwaka 2010, baada ya kazi ndefu ya watu wengi Bungeni na nje yake, na mkewe Rais mwenyewe akiwa mmoja wa waliosukuma sana.

Na hapa pana jambo la kuangalia. Mama yule naye, mwanzoni mwa mwaka 2010, alisimama mbele ya watu akasimulia jinsi daktari alivyomwonya juu ya uzito wa mabinti zake, ili wazazi wengine wajifunze. Akalaumiwa! Wakamwambia umewatia wanao aibu. Mimi naona mama ana haki ya kusema juu ya mwanawe kuliko mtu yeyote, lakini ikiwa mama mzazi, mwenye nia njema, alilaumiwa kwa hilo, chama cha wafanya kazi kitajitetea vipi?

Vijana wetu watasema, na walisema mkutano uliopita, kwamba wakubwa wenyewe ndio wanaotumia watoto, basi kwa nini tuwahurumie? Ni kweli hutumia. Mwaka 1990 huko Uingereza, ng'ombe walipokuwa wakipatwa na ugonjwa wa wazimu na watu wakiogopa kula nyama, Waziri wa Kilimo, Bwana John Gummer, alimleta binti yake wa miaka 4 mbele ya wapiga picha akampa mkate wa nyama, ili dunia ione kuwa nyama ni salama. Mwaka 1996 serikali ya nchi hiyo hiyo ikakiri kuwa huenda ugonjwa ule wawaingia watu. Bwana yule amekumbukwa kwa picha ile kuliko kwa kazi yake yoyote nyengine, na mtoto wa miaka 4 ambaye hakuulizwa amekua nayo mpaka utu uzima.

Na kwetu pia. Wenye umri wangu wakumbuka maziwa ya Nyayo, yaliyoanza mwaka 1979. Sisemi yalikuwa mabaya. Mtoto aliyekunywa alikunywa, na wengine walikwenda skuli kwa ajili ya maziwa yale tu. Lakini yaliitwa kwa jina la siasa ya mkubwa, na watoto walifunzwa kuyaimbia, na walipangwa kando ya barabara juani kumsubiri mgeni anayepita kwa gari kwa dakika moja. Katika miaka ya 1990 maziwa yakafifia mpaka yakaisha. Kitu kilichotolewa kama zawadi huondoka kama zawadi, na aliyepewa hana pa kushitaki. Wakubwa wametumia watoto ili wasifiwe, nasi twataka kuwatumia ili wakubwa watukanwe. Kwa mtoto aliyesimama juani tofauti yake ni ipi?

Tena angalieni, katika bango la Washington watoto waliotumiwa ni watatu. Mabinti wa Rais wote wamewaona. Huyu wa tatu ni yule msichana wa picha, mtoto wa mtu wa kawaida, ambaye aliwekwa ukutani awe ndiye asiyepata. Mabinti wa Rais walikuwa na Ikulu ya kuwasemea. Yeye alikuwa na nani? Bango letu nalo litataka mtoto wa kuonyesha njaa. Atakuwa wa nani? Nauliza katika mkutano huu, ni mzazi gani hapa atakayemtoa mwanawe apigwe picha na sahani tupu, ibandikwe gatini, apite nayo kila siku akienda skuli na akienda chuoni, na wenzake wamwite kwa jina la bango? Mara nyingi baba wa hapa akikosa hufunga mlango, ale chumvi ndani, jirani asijue. Hiyo ndiyo heshima iliyobaki kwa maskini, na chama hakina ruhusa ya kuifungua.

Na Amu si Washington. Watoto wa Rais wa Marekani hulindwa na watu wenye silaha, nao hawakai nyumba moja na aliyeandika bango. Hapa vichochoro ni hivyo hivyo, punda ni hao hao, na mke wa mheshimiwa huenda akawa binti ya mjomba wako. Likizo ikifika watoto wa mheshimiwa watarudi kutoka Mombasa, watapita Mkunguni kununua viazi vya karai, nasi tumewaandika ukutani. Watatukanwa na watoto wenzao, na huenda wakapigwa. Baba yao hatapigwa. Baba yao atakuwa Nairobi.

Iko na sheria. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto, na mwezi wa Septemba mwaka 2023 skuli moja ya Nairobi ilitozwa faini ya Sh. 4,550,000 kwa kutoa picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi wao. Katibu wetu wa fedha yupo hapa. Mwulizeni sandukuni mna ngapi.

Sisemi kwamba mheshimiwa asiulizwe. La! Aulizwe, tena kwa sauti kubwa. Mtu anayegawa fedha za skuli za umma na akapeleka wanawe skuli ya kulipia, ana swali la kujibu. Lakini swali hilo ni lake yeye. Mwambieni: wewe ulisimama kwenye bajeti ukasema nini? Ulipiga kura upande gani? Ulipokuja kuomba kura kijijini kwetu uliahidi nini, na kimefanywa nini? Yote haya yamo katika kumbukumbu, na hakuna hata moja lenye jina la mtoto. Mtoto hakupiga kura ya bajeti. Wala hakuchagua skuli; alipelekwa.

Tena naogopa kwamba kwa bango lile tungebisha mlango usio wetu. Wengi hapa hudhani kila kitu cha skuli kimo mkononi mwa Gavana. Sivyo. Kwa Katiba, Jedwali la Nne, kaunti ina kazi ya skuli za chekechea, na skuli za msingi ni kazi ya serikali kuu. Basi uji wa watoto wa chekechea wa Kipungani wadaiwa katika Bunge la Kaunti, kwa wawakilishi wa wadi zetu kumi. Chakula cha mtoto wa darasa la nne chadaiwa Nairobi, kupitia kwa wabunge wetu wa Lamu Mashariki na Lamu Magharibi. Mtu aliyekasirika hapendi kusikia mambo ya jedwali, najua, lakini ukimshitaki asiyehusika yeye hufurahi, maana jibu lake li tayari.

Na fedha zina majira yake kama pepo. Kwa sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012, kaunti hutoa mkakati wake wa fedha ifikapo mwisho wa Februari, na makadirio ya bajeti hufika mbele ya Bunge la Kaunti ifikapo tarehe 30 Aprili. Mwaka wa fedha waanza Julai. Basi anayepiga kelele mwezi wa Juni, watoto wakiwa wameanza kuanguka kwa njaa ya kusi, amechelewa: mashua imekwisha kung'oa nanga. Kelele za njaa ya kusi hupigwa wakati wa kaskazi, watu wakiwa wameshiba. Hii ndiyo kazi ngumu, na ndiyo sababu watu hupenda mabango.

Niliambiwa nitaje mifano ya waliofaulu. Mwezi wa Juni mwaka 2020, wakati wa korona, mcheza mpira wa Uingereza anayeitwa Marcus Rashford aliwaandikia barua wabunge wa nchi yake kutaka watoto maskini waendelee kupewa chakula wakati wa likizo. Hakumtaja mtoto wa waziri hata mmoja. Alisema juu yake mwenyewe, alivyokula chakula cha bure skulini, na mama yake alivyofanya kazi kutwa na bado mshahara haukutosha. Serikali ilikataa, kisha katika siku mbili ikageuka, na watoto kama milioni 1.3 wakapata. Yeye alikuwa mtu mzima, mashuhuri, akiitoa aibu yake kwa hiari yake.

Lakini kwa nini twende mbali? Wavuvi wa hapa hapa, bandari mpya ilipoanza kujengwa Manda na mahali pao pa kuvulia pakaharibiwa, hawakumtia mtoto wa mtu yeyote ukutani. Walikwenda mahakamani wenyewe, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ikaamua wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe Sh. bilioni 1.76. Malipo yenyewe yalivyokwenda ni hadithi nyengine, na wenye hadithi hiyo wako hapa. Ninachosema ni kwamba walisimama watu wazima, kila mmoja na jina lake na chombo chake.

Jambo moja zaidi kabla sijakaa, maana hiki ni chama cha wafanya kazi na mpaka sasa sijataja kazi. Chakula cha skuli ni kazi. Kuna mpishi, ambaye mara nyingi hulipwa na wazazi kwa kuchangishana, mwezi mmoja apata na mwezi mmoja akope dukani. Kuna hamali wa Mokowe anayeteremsha magunia, na nahodha anayeyavusha. Kuna mkulima wa Hindi na Mpeketoni mwenye mahindi, na mvuvi wa Kizingitini ambaye samaki wake haifiki sahani ya mwanawe. Ikiwa mpango wa serikali ni kununua karibu, basi tudai ununue kwetu, na mpishi aandikwe kazi na alipwe mshahara. Haya yangeandikwa katika bango letu ningelibandika mimi mwenyewe.

Kwa hivyo, Bwana Mwenyekiti, naomba pendekezo la mabango ya watoto liondolewe, na badala yake mkutano ukubali haya. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yampa kila raia haki ya kupeleka ombi mbele ya Bunge la Kaunti, na kifungu cha 119 cha Katiba chatoa haki hiyo hiyo kwa Bunge la Nairobi. Tuandike maombi mawili, kila moja kwa mlango wake, yaingie kabla ya Februari. Watie sahihi wazazi, walimu na wapishi, kwa majina yao wenyewe. Jina la mtoto lisiandikwe. Wakitaka picha, vijana wapige picha ya jiko lililopoa na sufuria iliyofunikwa kifudifudi saa saba mchana, mtoto asiwemo. Na waalikwe wawakilishi wa wadi waje skulini, wakae tangu saa mbili mpaka saa tisa bila kula, kisha wasomewe hesabu ya darasa la sita waijibu.

Karatasi za sahihi ziko kwa Bwana Katibu. Za Faza na Kizingitini zitapelekwa kwa mashua ya Jumatatu, na mwenzetu mmoja ajitolee kwenda nazo ili zisilowe. Mwenye swali na aulize sasa, kabla ya adhana.